Trela la jeshi lianze kutengenezwa chini, si juu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nichangie kuhusu makala na picha mlizochapisha hivi karibuni za trela la zamani la jeshi lililogeuzwa kuwa kambi ya kusafiri nayo porini, likiwa na hema juu, jiko la kuvuta ubavuni na taa za umeme wa jua. Nimefurahi kuona kazi ya mafundi wetu ikipewa nafasi kubwa namna ile. Hata hivyo, katika maelezo yote hayo hapakuwa na hata sentensi moja iliyogusa ekseli (mhimili unaobeba magurudumu), breki, beringi wala uzito wa trela lile, na upungufu huo ndio ninaoushuhudia kila siku katika kazi yangu ya gereji hapa Arusha: fedha, ubunifu na rangi vyote vinamalizikia juu, na kilicho chini kinaachwa vilevile kilivyotoka jeshini.

Niseme mapema kwamba siyapingi matrela haya. Kwa mtu anayetaka kufika Natron, Ruaha au Katavi bila kununua trela jipya la kutoka Afrika Kusini, trela la jeshi lililokaguliwa vizuri ni msingi bora kuliko mengi yanayouzwa yakiwa mapya. Asili yake inaeleza kwa nini. Kampuni ya American Bantam ya mji wa Butler, Pennsylvania, ndiyo iliyolikabidhi jeshi la Marekani gari la kwanza la majaribio la jipu (Jeep) mwezi Septemba 1940, lakini oda kubwa zikaenda kwa kampuni za Willys na Ford, na Bantam ikaishia kuunda kwa wingi trela dogo la magurudumu mawili la kuvutwa na jipu hilohilo. Lilikuwa la robo tani, na bodi lake liliungwa bila mwanya ili liweze kuelea wakati wa kuvuka mto. Mtindo huo uliendelea baada ya vita katika trela la M416, na kwa mizigo mizito zaidi likatengenezwa M101 la robo tatu ya tani. Waingereza nao walikuwa na Sankey, la robo tatu ya tani pia, lililokusudiwa kuvutwa na Land Rover na kutumia magurudumu ya Land Rover yenyewe, ili tairi moja ya akiba itoshe kwa vyote viwili.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba jeshi la Marekani liliyapa matrela haya viwango viwili vya mzigo. M101 liliruhusiwa kubeba takribani kilo 1,020 kwenye barabara nzuri, lakini nje ya barabara kiwango kilishuka hadi kilo 680 hivi. Theluthi moja ya mzigo iliondolewa, si kwa sababu chasisi ni dhaifu, bali kwa sababu walioliunda walielewa kwamba gurudumu likidondokea shimoni, ekseli na springi hupokea nguvu mara kadhaa ya uzito uliomo ndani. Chasisi inayoonekana nzito kuliko kazi yake ni akiba iliyowekwa kwa ajili ya kishindo hicho. Mteja anayeniambia kwamba chuma hiki ni cha jeshi kwa hiyo kitabeba chochote, anaila akiba hiyo kabla hajatoka nje ya mji.

Na inaliwa haraka sana. Bati la chuma la futi 8 kwa 4 lenye unene wa milimita 2 lina uzito wa kilo 47 hivi, na la milimita 3 linafika kilo 70. Mafundi wengi hupenda la milimita 3 kwa sababu jembamba hutoboka wakati wa kuchomelea na hujikunja kwa joto. Mabati matano ya namna hiyo, kwa ajili ya makabati, mifuniko na kibanda cha jiko, tayari ni kilo 350. Ongeza lita 100 za maji, ambazo ni kilo 100 kamili. Hema la juu lenye godoro, kilo 60 au zaidi. Betri moja kubwa ya asidi, kilo 30. Mtungi wa gesi wa kilo 15, ambao pamoja na chuma chake ni karibu kilo 30. Na friji iliyojaa ambayo haitapungua kilo 40. Umefika kilo 610 na bado hujaweka chakula, dizeli ya akiba, meza, viti wala nguo za mtu yeyote. Alumini ya milimita 2 yenye ukubwa uleule ina kilo 16 tu. Bei yake ni kubwa na kuichomelea kunahitaji mashine na mkono mwingine, lakini inaweza kufungwa kwa ribiti na bolti juu ya fremu nyepesi ya bomba la mraba, na kazi hiyo iko ndani ya uwezo wa karakana nyingi za hapa kwetu.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwa wamiliki ni kupima. Trela lipimwe tupu kabla ya kazi kuanza, kisha lipimwe likiwa limekamilika na kujazwa kila kitu cha safari, maji yakiwemo. Wenye maghala ya nafaka wana mizani ya magari na hawakatai kumpimia mtu. Pua ya trela, yaani sehemu inayokaa kwenye ndoano ya gari, ipimwe peke yake kwenye mizani ya magunia, huku trela likiwa limesimama sawasawa na mwinuko wa ndoano. Uzito wa puani unapaswa kuwa kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote. Ukiwa mdogo kuliko hapo, trela huanza kuyumba kulia na kushoto gari likishika kasi, na kuyumba huko huongezeka haraka kuliko dereva anavyoweza kulidhibiti trela. Nimeona matrela ambayo tanki la maji limewekwa nyuma kabisa kwa sababu tu bomba lake lilikuwa rahisi kufika jikoni. Maji yakae chini, juu ya ekseli au mbele yake kidogo, na tanki liwe na vizuizi ndani ili yasikimbie upande mmoja kwenye kona.

Sasa nifike kwenye magurudumu, kwa kuwa hapo ndipo safari nyingi zinapoishia. Anayeifahamu njia ya Mto wa Mbu kwenda Engaruka na Ngare Sero anafahamu jinsi vumbi laini la majivu ya Ol Doinyo Lengai linavyoingia kila mahali, na jinsi makorongo yanavyofuatana. Habu ya gurudumu, yaani kitovu chake chenye beringi ndani, huwa ya moto baada ya mwendo mrefu. Ikizama ghafla katika maji ya baridi, hewa iliyomo ndani husinyaa na kuvuta maji pamoja na mchanga kupitia kwenye sili (mpira wa kuzuia maji na vumbi) iliyochoka. Ukiifungua siku chache baadaye utakuta grisi imekuwa nyeupe kama maziwa, na njia ya beringi ina vidoti vya kutu ambavyo hakuna kipande cha kitambaa kitakachoviondoa. Trela lililokaa uwanjani miaka mingi bila kuzungushwa magurudumu hufika kwa mnunuzi likiwa na hali hiyo tayari, hata kama halijagusa maji ya mto.

Kulikagua hakuhitaji vifaa vya ajabu. Inua upande mmoja kwa jeki, shika tairi juu na chini, litikise, kisha lizungushe taratibu mkono mwingine ukiwa juu ya springi. Ukisikia mkwaruzo kwenye springi, beringi imeharibika. Ukisikia tairi linacheza, nati imelegea au beringi imelika. Hata kama husikii kitu, kwa trela la umri huu beringi na sili zibadilishwe zote, na namba zake ziandikwe mahali pa kuonekana ndani ya kabati, ili mtu aliyekwama Wasso aweze kumtajia muuza vipuri wa Arusha kitu kimoja tu kwenye simu. Njiani, kila unaposimama, gusa kila habu kwa mgongo wa mkono. Moja ikiwa na joto kuliko mwenzake, usiendelee na safari kwa kutumaini kwamba itapoa.

Tairi nazo zinadanganya. Tairi za jeshi mara nyingi zina meno marefu kwa sababu hazikutembea, na mnunuzi huona amepata bahati. Atazame herufi na namba ubavuni. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 2311 ni wiki ya 23 ya mwaka 2011. Mpira wa umri huo hupasuka ukiwa na mzigo na jua, hata kama meno yake ni mapya kabisa. Na anayetaka trela litumie magurudumu sawa na ya gari lake asihesabu bolti peke yake. Land Rover za zamani na Defender zina bolti tano kwenye duara la milimita 165.1, Land Cruiser za mfululizo wa 70 kuanzia mwaka 1999 nazo zina tano, lakini kwenye duara la milimita 150, za kabla ya hapo zina sita kwenye milimita 139.7, kama Hilux nyingi. Habu ibadilishwe na mchonga vyuma anayeaminika, na rimu isilazimishwe kwa nyundo.

Springi za matrela haya zilikusudiwa mzigo kamili. Trela likiwa na nusu ya mzigo huo, hazikunjiki vya kutosha, na trela zima hurukaruka kwenye mawimbi ya barabara ya vumbi, kama yale ya lango la Naabi kuingia Serengeti, mpaka misumari ya makabati inafunguka na friji inang'oka. Fundi anaweza kuondoa jani moja au mawili ya springi na kuongeza shokapu, lakini afanye hivyo baada ya kuujua uzito halisi wa trela lililokamilika. Kupunguza springi kwa kukisia, kisha kuongeza tanki la pili la maji mwezi unaofuata, ni hatari tupu.

Kuhusu breki nitasema kwa uwazi, maana maisha ya watu yamo humo. M416 lilitoka na breki ya mkono ya kuegeshea tu, na lilivumiliwa hivyo kwa sababu lilikuwa dogo. Matrela makubwa zaidi, kama Sankey na M101A2 (toleo la baadaye la M101), yana breki ya msukumo: gari linapopunguza mwendo, trela huja mbele, na msukumo huo hurudisha nyuma mtaimbo wa puani wa kulivutia trela, ambao hukandamiza breki za magurudumu. Ni mfumo mzuri usiohitaji waya wala hewa. Kasoro yake ni kwamba ukirudi nyuma, breki hujifunga, na ndiyo sababu kuna kishikizo cha kuizuia kwa muda. Mtu asiyekijua kishikizo hicho huona trela ni bovu, na fundi asiyeuelewa mfumo humtatulia tatizo kwa kuchomelea mtaimbo usisogee tena. Kuanzia siku hiyo, trela la tani moja linashuka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Mto wa Mbu likisukuma gari lenye watoto ndani, na breki za gari peke yake ndizo zinazolishikilia mpaka kona ya mwisho. Nawasihi wamiliki wa gereji wenzangu: mteja akiomba kazi hiyo, akataliwe. Afunguliwe mtaimbo, usafishwe, upakwe grisi, mipira yake ibadilishwe, na afundishwe kutumia kishikizo.

Pete na ndoano ya jeshi zisiondolewe kwa sababu tu zinapiga kelele. Ndoano na pete huruhusu trela kujipinda sana kuliko mpira wa chuma wa milimita 50 tunaouona kwenye matrela ya kawaida, na kwenye korongo ambapo gari limeinama kulia na trela limeinama kushoto, uhuru huo ndio unaookoa boriti. Lakini pete iliyolika upande mmoja isijazwe kwa kuchomelewa. Ibadilishwe. Minyororo miwili ya usalama ipitishwe kwa kupishana chini ya mtaimbo, na ifungwe kwenye chasisi ya gari, si kwenye bampa.

Kuna hatari nyingine ambayo haionekani kabisa kwenye picha. Nimeeleza kwamba bodi la matrela haya madogo liliungwa lisipitishe maji. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hushuka chini na kukaa. Bodi lisiloruhusu maji kuingia haliruhusu gesi kutoka, na mtungi ukifungiwa humo pamoja na betri, cheche moja ya swichi inatosha. Mtungi uwekwe nje, mbele juu ya mtaimbo, au ndani ya sanduku lenye matundu sakafuni yanayotokea moja kwa moja hewani. Kwenye sakafu ya bodi hilo kuna vizibo vya kutolea maji. Vizibuliwe, visafishwe matope ya miaka mingi, na visifunikwe na mbao za sakafu mpya, kwa sababu maji ya mvua yanayotuama chini ya mbao ndiyo yanayolioza bati bila mwenye trela kujua, hadi siku mguu wake unapopenya.

Umeme nitaupitia haraka. Nyaya na taa nyingi za jeshi ni za volti 24, magari yetu madogo ni ya volti 12; ni afadhali kung'oa zote na kuweka mpya kuliko kuhangaika na kuunganisha vipande. Taa za breki, za kuonyesha upande na viakisi vikamilike kabla ya taa za urembo za jikoni.

Linalonigusa kuliko yote ni vijana wanaofanya kazi hii. Kabla ya kuchomelea, rangi ya zamani inapaswa kuondolewa, na rangi za zamani za vyombo vya jeshi na viwandani mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi na kemikali za kromati. Nimewaona vijana wa miaka kumi na minane wakikwangua rangi hiyo kwa grenda kutwa nzima, pua zimefungwa kwa kipande cha fulana, vumbi la kijani likiwa limejaa kwenye nyusi na kwenye chapati waliyoiweka kando. Risasi haitoki mwilini haraka, na kromati huharibu mapafu. Bati lililopakwa zinki nalo, likichomelewa bila kukwanguliwa, hutoa moshi mweupe unaomletea fundi homa na kutetemeka usiku, naye hudhani ni malaria. Barakoa yenye kichungi halisi, maji ya kulowesha rangi ili vumbi lisiruke, mahali pa wazi, na sabuni kabla ya kula: gharama ya haya yote ni ndogo mno ukiilinganisha na bei ya hema moja la juu. Mteja anayelipia hema hilo anao uwezo wa kulipia pia mapafu ya kijana anayemtengenezea trela, na mwenye gereji anayo haki ya kuiweka gharama hiyo kwenye ankara yake bila aibu.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, imewafunza mafundi wengi wa kuchomelea na wa magari katika nchi hii, nami ni mmoja wa walionufaika na walimu wake. Ningeomba ifikirie kozi fupi ya matrela mepesi: hesabu ya uzito, mahali pa kuweka ekseli, breki ya msukumo, mahali pa kutoboa chasisi na mahali pasipotobolewa. Boriti ya chasisi hutobolewa katikati ya ubavu wake, haitobolewi kwenye ukingo wa juu wala wa chini, na kabati hufungwa kwa bolti za kukumbatia (za umbo la U) kuliko kuchomelewa moja kwa moja. Mambo hayo yanafundishika kwa wiki chache, na kijana akiyajua hatatoboa ovyo tena.

Polisi wa usalama barabarani nao wanaweza kusaidia bila kuongeza usumbufu kwa watalii wa ndani, ambao idadi yao ningependa iongezeke. Wanapokagua trela la namna hii wasiishie kwenye namba na taa. Wamwombe dereva afunge breki ya trela kisha avute mbele kidogo. Magurudumu yakiendelea kuzunguka, kila aliyepo hapo ataona kasoro iko wapi.

Nawe Ndugu Mhariri, mkichapisha tena makala ya aina hii, mwambieni mpiga picha alale chini, aelekeze kamera kwenye ekseli na mtaimbo, na mwandishi amuulize mwenye trela ni lini lilipimwa uzito na ni lini beringi zake zilifunguliwa mara ya mwisho. Wasomaji wanaotaka kutengeneza la kwao watakuwa na kitu cha kuanzia.

Wasalaam,

Fundi wa magari,
Arusha.